Matawi ya avokado si lishe: persini, kiwele cha mbuzi na moyo wa mifugo wetu

MkamuajiBahati (Bahati, Nakuru)

Wakulima wenzangu, kabla hamjabeba matawi ya avokado kupeleka zizini, tafadhali someni uzi huu. Ni mrefu, lakini maziwa yenu yako humu ndani.

Kuanzia Bahati, Dundori, Kabazi hadi Subukia, kila nikipita naona miche ya avokado aina ya Hass. Mahindi yamewachosha watu, na tangu Uchina ianze kupokea avokado mbichi za Kenya mwaka 2022, wengi wameongeza mistari ya miti. Sina ubishi na hilo. Ila wanaopanda ndio hao hao wanaofuga mbuzi wa maziwa na ng'ombe wawili watatu wa ziro grezing (wanaolishwa zizini) kwenye ploti ile ile. Mti ukipogolewa wakati wa kiangazi, matawi mabichi yamelala chini, majani ya nepia yamekwisha, mbuzi wanalia. Mtu anayachukua na kuyatupa horini. Yana rangi ya kijani, mbuzi wanayakubali, nani angefikiria vingine?

Kesho yake anayekamua anakuta kiwele kimevimba na kimekuwa kigumu. Maziwa ni kidogo, mepesi, yana mabongebonge. Neno la kwanza kinywani ni mastaitisi, ule uvimbe wa kiwele unaoletwa na bakteria. Anaenda duka la dawa za mifugo, anauziwa mirija ya antibayotiki ya kuingiza kwenye chuchu, anamwaga maziwa siku zote anazoambiwa asubiri dawa itoke mwilini, na maziwa hayarudi. Ndiyo sababu naandika: wengi tunatibu bakteria ambaye hayupo.

Kinachofanya kazi hiyo kinaitwa persini. Mti wa avokado huitengeneza wenyewe. Haitoki kwenye mbolea wala kwenye dawa ya kupulizia. Ni kitu cha jamii ya mafuta, molekuli yenye kaboni 23, na mnyororo wake unafanana sana na asidi linoleiki, ile iliyomo kwa wingi kwenye mafuta ya alizeti. Iko zaidi kwenye majani, na ipo pia kwenye ganda, kokwa na tunda ambalo halijaiva. Ilitambuliwa kwenye majani mwaka 1975 na watafiti walioona kwamba inawadhuru viwavi wa hariri. Miaka 20 baadaye, mwaka 1995, wanasayansi wa Queensland, Australia, waliitenga kutoka kwenye majani wakawapa panya wanaonyonyesha. Kwa kipimo cha miligramu 60 hadi 100 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, seli zinazotengeneza maziwa zilikufa. Walipopita miligramu 100, misuli ya moyo nayo ikaanza kufa.

Kwa hiyo kiwele hakikuvimba kwa sababu ya uchafu wa zizi wala mikono ya anayekamua. Tishu yenyewe ya kutoa maziwa imeunguzwa kutoka ndani, kupitia damu.

Sasa vipimo, kwa sababu najua mtu atauliza ni majani mangapi. Kwa mbuzi, gramu 20 za majani kwa kila kilo ya uzito zimewahi kuharibu kiwele, na gramu 30 kwa kilo zimewahi kuumiza moyo. Chukua mbuzi wa kilo 40. Hiyo ni gramu 800 za majani kwa kiwele, na kilo moja na robo hivi kwa moyo. Pimeni tawi moja lenye majani mengi mtaona. Mbuzi mwenye njaa anamaliza hayo kabla ya saa sita. Na maziwa yanaweza kushuka kwa asilimia 75 ndani ya saa 24: mbuzi wa lita mbili anabaki na nusu lita.

Kondoo wanatisha zaidi, kwa sababu kwao kidogo kidogo pia huua. Gramu 25 kwa kilo kwa siku 5 zilileta moyo kushindwa ghafla. Lakini hata gramu 2.5 tu kwa kilo, zikitolewa kila siku kwa siku 32, ziliuchosha moyo polepole. Kwa kondoo wa kilo 40 hizo ni gramu 100 kwa siku. Anayefunga kondoo chini ya mti kila siku na kuona anaokota majani machache tu, afikirie tena.

Nataka kusikia kutoka kwenu, hasa Kakamega, Vihiga na Kisii ambako mti wa avokado uko karibu kila boma.

MzeeWaMaragoli (Vihiga)

Kijana, nakusalimu. Nimesoma yote. Lakini mimi nimezaliwa nikakuta ng'ombe wa baba wamefungwa chini ya avokado, na baba alikuta wa babu pale pale. Walikula majani, walikula matunda yaliyoanguka, na walikamuliwa. Kama ni sumu, mbona hatukuzika ng'ombe kila wiki? Hizi habari za maabara za Australia zisitufanye tukate miti ya watu.

MkamuajiBahati

Mzee wangu, shikamoo. Hakuna anayekata mti. Mti ubaki na tunda liliwe. Ninachopinga ni majani kuingia horini.

Swali lako ni la haki na nitalijibu kwa uzito wake. Kwanza, avokado si mti wa aina moja. Ziko jamii tatu za asili: ya Meksiko, ya Guatemala na ya visiwa vya Karibi. Visa vingi vya sumu vimehusishwa na jamii ya Guatemala, na Hass ina damu ya Guatemala. Fuerte ni mchanganyiko wa Meksiko na Guatemala. Mti wa kienyeji uliokua kutokana na kokwa pale kwa baba yako unaweza kuwa na damu yoyote. Majani ya jamii ya Meksiko ukiyafikicha hunukia shumari, na wenyeji wa huko huyatumia jikoni. Kwa hiyo mti wa babu huenda ulikuwa mpole, na huu wa Hass anaoupanda mjukuu si ule.

Pili, ng'ombe mwenye malisho hana haja ya kujaza tumbo kwa jani la avokado. Zamani alifungwa pale kwa kivuli. Leo ploti ni robo ekari, hakuna malisho, na matawi yanaletwa kwa furushi. Kiasi ndicho kimebadilika.

Tatu, na hili nalisema kwa heshima, ni nani aliyekuwa akipima maziwa ya ng'ombe wa babu? Akishuka kutoka lita 3 hadi 1, watu walisema ni kiangazi, au ni jicho la mtu.

MzeeWaMaragoli

Hapo kwa kiangazi umenipata. Na jicho pia lilisemwa sana. Endeleeni, nasikiliza.

AfyaYaMifugo_Njoro (Njoro)

Mimi kazi yangu ni afya ya mifugo huku Njoro na Mau Narok, niruhusuni niongeze upande wa kitabibu, maana hapa ndipo pesa nyingi za mfugaji zinapotea.

Kiwele cha persini na kiwele cha bakteria vinafanana machoni. Hata kile kipimo cha kuchanganya maziwa na sabuni kwenye kisahani kinaweza kuganda katika hali zote mbili, kwa sababu kinaonyesha seli za uvimbe tu. Hakikwambii nani aliyeleta uvimbe. Tofauti utaiona ukiangalia zizi lote. Mastaitisi ya kawaida mara nyingi humshika mnyama mmoja, upande mmoja, chuchu moja. Persini ikiingia horini, wote wanaokamuliwa waliokula huumwa karibu pamoja, pande zote za kiwele, siku moja baada ya chakula kipya. Maziwa yakipelekwa maabara kuoteshwa, bakteria hawaonekani. Ukiona mbuzi watatu wameshuka asubuhi moja, usikimbilie sindano kabla hujauliza jana walilishwa nini.

Kwa wasiokamuliwa, yaani madume, wana-mbuzi waliokwisha kuachishwa na majike yaliyokauka, moyo ndio huumia. Vivyo hivyo kwa anayekamuliwa akila kupita kiasi. Ndani ya saa 24 hadi 48 anakuwa mnyonge, anajitenga, anahema kwa shida, anakohoa, hataki kutembea. Maji hujikusanya chini ya ngozi, shingoni na kidarini. Farasi na punda wa mjini wajihadhari pia. Kwa farasi, kichwa na ulimi huvimba vibaya. Mnyama akifa na akapasuliwa, utakuta maji kifuani na kwenye mfuko wa moyo, na misuli ya moyo ina mistari iliyopauka.

Shida ni kwamba dalili hizo zina ndugu wengi huku kwetu. Uvimbe chini ya taya: wengi watasema minyoo, na kweli minyoo wanyonyao damu huleta hivyo. Kikohozi na kuhema kwa mbuzi: watu watasema homa ya mapafu ya mbuzi, ambayo kijidudu chake kilitambuliwa hapa hapa Kenya mwaka 1976. Lakini homa ya mapafu huja na joto kali la mwili na huambukiza, inapita kutoka mbuzi hadi mbuzi. Persini haiambukizi. Aliyekula ndiye anayeumwa. Wa zizi la pili ambaye hakupewa matawi yuko salama.

Dawa ya kuiondoa persini mwilini hakuna. Tunachofanya ni kuondoa matawi mara moja, kumpumzisha mnyama kivulini bila kumkimbiza, kumpa dawa ya maumivu na uvimbe, na kama maji yamejaa, dawa ya kuyatoa kwa mkojo. Hizi zote zitolewe na daktari wa mifugo aliyesajiliwa, kwa sababu moyo uliochoka haubahatishwi. Antibayotiki ina nafasi yake pale tu kiwele kilichoumia kinapoingiliwa na bakteria baadaye. Na kiwele ambacho tishu yake imekufa, mara nyingi hakirudii kiasi cha kwanza katika uzao ule.

Mifano haiko mbali. Afrika Kusini waliandika visa vya mbuzi na kondoo walioumia moyo kwa majani ya avokado mwaka 1991, na baadaye ndege mbuni pia, mwaka 1994. Bara letu hili hili.

Chebet_Molo (Molo)

Daktari, asante sana. Ile habari ya "wote kwa pamoja" imenifungua macho. Huku tunapanda avokado kama ua wa kupunguza upepo na mbuzi wako ndani ya ua huo huo.

AfyaYaMifugo_Njoro

Dada Chebet, basi ua wa pili uwe ndani, hatua mbili tatu kutoka kwenye miti. Mbuzi husimama kwa miguu miwili na kunyoosha shingo, na tawi la chini analifikia bila shida. Pogoa matawi ya chini yawe juu ya kimo chake.

NyarKano (Ahero, Kisumu)

Nami niulize, sisi huku Kano mbuzi wa maziwa si wengi, lakini kuku na sungura tunao. Watoto wangu huwamwagia kuku maganda ya avokado baada ya chakula. Na kuna jirani ana ndege wa kufuga kwenye kizimba, hupewa kila kinachobaki mezani.

AfyaYaMifugo_Njoro

Mama, ndege wa kizimba ndio walio hatarini kupita wote. Kasuku wadogo wa Australia walipopewa gramu moja ya tunda walianza kuhangaika na kujing'oa manyoya. Waliopewa gramu 8.7 za avokado iliyopondwa walikufa ndani ya saa 48. Mwambie jirani leo, usingoje. Hao hawapewi hata nyama ya tunda lililoiva.

Kuku na bata mzinga wanaonekana kustahimili zaidi. Hata hivyo sioni sababu ya kuwapa maganda na kokwa wakati mabaki ya ugali, omena na sukuma yapo. Sungura usimpe jani lolote la avokado, wamewahi kufa. Mbwa ni mgumu zaidi kwa persini, lakini kokwa inaweza kumkwama tumboni.

NyarKano

Nimemwambia. Amesema alikuwa akifikiri anawapa vitamini. Erokamano daktari.

KabaziFreshi (Kabazi, Subukia)

Wadau, mimi sifugi. Kazi yangu ni kukusanya avokado za wakulima kwa ajili ya kampuni zinazouza nje. Lakini nimefurahi kuona persini ikitajwa, kwa sababu upande wetu wa tunda inatufaa sana, na nadhani mtu akijua mti unaitengeneza kwa nini, ataiheshimu zaidi.

Mnajua ile hasara ya tunda kuondoka hapa likiwa safi kabisa, likifika Ulaya na kuiva, linatoa madoa meusi? Mkulima analaumu mnunuzi, mnunuzi analaumu mkulima. Ugonjwa ni antraknosi, na kuvu yake inaitwa Colletotrichum gloeosporioides. Kuvu hiyo haiingii kwenye meli. Iliingia tunda likiwa mtini, wakati wa mvua: chembe yake inatua juu ya ganda, inachipua, inajishikiza, kisha inanyamaza kwa miezi. Hakuna anayeiona kwenye meza ya kuchagua.

Inanyamaza kwa nini? Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Dov Prusky na wenzake huko Israeli walikuta kwenye ganda la avokado bichi kitu cha jamii ya mafuta kinachozuia kuvu hiyo kukua. Ni persini ile ile. Tunda likiwa gumu, ganda lina persini ya kutosha kuibana kuvu. Likianza kuiva, kimeng'enya cha tunda lenyewe (protini inayovunjavunja vitu) huivunja persini ikapungua hadi haitoshi tena. Na kimeng'enya hicho nacho kilikuwa kimezuiwa na kitu kingine, epikatekini, ambacho hushuka tunda linapolainika. Yaani kizuizi kimoja kinaondoka, cha pili kinafuata, na kuvu iliyokuwa imelala inaamka na kutoboa nyama. Tunda halikuugua safarini. Lilibeba ugonjwa kutoka shambani likiwa na kinga, na kinga ikaisha njiani.

Mimi naliona jambo hili kuwa la ajabu na la busara. Mti unalinda tunda hadi kokwa ikomae, kisha unaachilia, ili mnyama alile na kuibeba mbegu. Sisi tunataka tunda liive na libaki safi, mambo mawili ambayo mti haukupanga yaende pamoja.

Kwa hiyo mkulima, madoa meusi yanazuiliwa shambani. Pogoa hewa ipite katikati ya mti. Toa matawi yaliyokauka na matunda yaliyonyauka yakabaki yananing'inia, ndiko chembe za kuvu zinakozaliana. Pulizia dawa ya kuvu yenye kopa (shaba) kwa wakati na kwa kipimo cha afisa wa kilimo. Kata tunda na kikonyo chake kwa makasi, usilivute wala kulitupa kwenye kreti, maana pale lilipochubuka kuvu haihitaji kusubiri.

Na hapo narudi kwa MkamuajiBahati: nikiwaambia wakulima wapogoe, matawi yataongezeka. Tuwaambie na pa kuyapeleka.

MkamuajiBahati

KabaziFreshi, umenifundisha. Kumbe kitu kile kile kinachochoma kiwele ndicho kinacholinda mzigo wako. Na hiyo inaeleza kwa nini tunda bichi lililoanguka kabla ya wakati ni baya kwa mnyama kuliko lililoiva.

Otis_K (Kondele, Kisumu)

Nimesoma mahali kwamba persini inatibu saratani ya matiti. Kuna watu hapa mjini wanauza majani yaliyosagwa na wanasema ni utafiti wa Australia. Shangazi yangu anaugua na ameanza kuyanywa. Kuna ukweli?

AfyaYaMifugo_Njoro

Ndugu Otis, pole kwa shangazi. Mimi ni wa mifugo, siwezi kumtibu mtu, lakini utafiti huo naujua na nitakueleza ulivyo, ili mumweleze daktari wake.

Watafiti waliogundua kwamba persini huua seli za kiwele walijiuliza kama ingeua pia seli za saratani zinazotokana na tishu hiyo hiyo. Mwaka 2006, kazi iliyofanywa kwenye taasisi ya Garvan, Sydney, ilionyesha kwamba persini iliua aina fulani za seli za saratani ya matiti za binadamu zilizooteshwa maabara, na utafiti uliofuata mwaka 2007 ukaonyesha kwamba ikiunganishwa na tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, zilikufa zaidi. Hapo ndipo ilipofikia: seli ndani ya kisahani. Si mgonjwa, na si majani yaliyosagwa kwenye chupa. Persini safi iliyopimwa kwa miligramu, na jani ambalo hakuna aliyepima lina kiasi gani, ni vitu viwili tofauti kabisa.

Na kumbuka tulichosema juu kuhusu moyo. Mgonjwa wa saratani anaweza kuwa anapata dawa ambazo zenyewe zinauchosha moyo. Akiongeza kitu kisichojulikana, daktari wake hatajua ni kipi kinamdhuru. Ombi langu: aende na hiyo chupa kliniki, aiweke mezani mbele ya daktari wa saratani, na asiache matibabu aliyopangiwa. Ikiwa kuna anayemwambia aache dawa za hospitali anywe majani, huyo hamtakii mema.

Otis_K

Nimeelewa. Ana miadi Jumatatu, nitampeleka mwenyewe na hiyo chupa.

MamaKalandra (Shinyalu, Kakamega)

Otis, Mungu amponye shangazi.

Niseme juu ya matawi, kwa sababu mimi nina mbuzi na nina avokado, na robo ekari yangu haina nafasi ya kupoteza.

Matawi mazito nayakausha kuwa kuni. Majani nayaweka kwenye shimo la mboji upande wa chini wa shamba, nafunika kwa udongo na samadi. Siyaachi yakauke karibu na zizi kwa kufikiri yakikauka yamekuwa salama. Sitegemei hilo hata kidogo. Anayenipogolea anajua kwamba tawi haliruki ua kuingia upande wa mbuzi, na watoto wanajua.

Chakula cha mbuzi natafuta kwingine. Kalandra, mti wa malisho, nimeipanda kwenye matuta na kando ya njia. Inachipuka ukiikata na mbuzi wanaipenda mno. Sesbania vile vile. Majani ya viazi vitamu baada ya kuvuna, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa yakinyunyiziwa molasi, majani ya migomba kwa kiasi. Wakati wa mvua nepia inazidi, ninaikata na kuishindilia kwenye mifuko mikubwa ya plastiki, nafunga hewa isiingie, inakuwa sailaji ya kiangazi. Mwenye sailaji Januari hatamani tawi la avokado. Kwa mtazamo wangu hapo ndipo tatizo lote lilipo: watu wanalisha majani haya kwa sababu ya njaa ya zizi, si kwa kutojua tu. Ukimwambia mtu "usilishe" bila kumwonyesha cha kulisha, atalisha usiku.

Na matunda yaliyoanguka, nayaokota asubuhi kabla ng'ombe hajafika. Kando ya persini, ng'ombe humeza avokado nzima na kokwa ikamkwama kooni. Anavimba tumbo upande wa kushoto, anatoa mate, na usipopata msaada haraka amekwenda.

AfyaYaMifugo_Njoro

Mama, hilo la kukabwa naliunga mkono kwa nguvu zote. Na mtu asijaribu kuisukuma kokwa kwa fimbo, koo hupasuka. Piga simu.

MzeeWaMaragoli

Sasa nina swali la mwisho, na ni la kweli. Jirani yangu hana mbuzi. Avokado yake ya Hass imevuka mpaka na inaangusha majani kwangu, na akipogoa anatupa matawi upande wangu akidhani ananifanyia wema kwa ajili ya ng'ombe. Nimwambie nini bila kuleta maneno?

MkamuajiBahati

Mzee, mwambie hivi hivi ulivyotuambia sisi: kwamba unajua anakutakia mema, na kwamba majani haya yanakausha maziwa. Mwombe akupigie simu siku ya kupogoa ili umtoe ng'ombe upande ule. Majani yanayoanguka yenyewe fagia kila asubuhi, na kamba ya ng'ombe ipungue asifike pale mpakani. Akitaka kukusaidia bado, mchukulie vipandikizi vya kalandra kwa MamaKalandra mpande wote wawili mpakani.

MamaKalandra

Kalandra haipandwi kwa vipandikizi, inapandwa kwa mbegu. Ziloweke kwanza kwenye maji baridi, kisha zipande kwenye vifuko, mvua ikija unahamisha. Mzee, Shinyalu na Vihiga si mbali. Mtume mtu wakati wowote, ninazo za kutosha nyote wawili.

MzeeWaMaragoli

Mjukuu atakuja Jumamosi asubuhi. Atakuletea ndizi.